Ugonjwa, Hali na Haja: Historia ya Jina Moja katika Orodha za Magonjwa

Tarehe mosi Januari, mwaka wa 2022, toleo la kumi na moja la Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, itolewayo na Shirika la Afya Duniani, lilianza kutumika. Miongoni mwa mabadiliko yake mengi lilikuwamo moja lililochukua nafasi ndogo sana katika kurasa zake, lakini ambalo lilikuwa limebishaniwa kwa miaka mingi. Watu ambao nafsi zao hazikubaliani na jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, yaani mtu aliyeandikwa mwanamume naye ajijua kuwa mwanamke, au aliyeandikwa mwanamke naye ajijua kuwa mwanamume, walitolewa katika mlango wa maradhi ya akili, wakawekwa katika mlango mwingine uhusuo afya ya mambo ya jinsia. Hawakufutwa katika Orodha, walihamishwa.

Wako wasemao kwamba jambo hilo ni mchezo wa majina tu, kwa maana mtu ni yule yule, na mganga ni yule yule. Lakini yeyote aliyeshughulika na lugha ajua kwamba jina aliwekalo mtu mwenye mamlaka si sauti tupu. Jina huamua mtu aingie mlango upi wa hospitali, asikilizwe au asisikilizwe barazani, na jirani amtazame kwa jicho gani. Madhumuni ya makala haya ni kufuata historia ya jina hilo, na kuonyesha kwamba swali ambalo aghalabu huulizwa kama swali moja, yaani, je, hali hii ni ugonjwa wa akili, kwa hakika ni maswali matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza, je, ni ugonjwa? La pili, ikiwa ni ugonjwa, je, ni wa akili? La tatu, hata kama si ugonjwa, je, mwenye hali hiyo ana haja ya mganga? Kiswahili kina maneno ya kuyatenga maswali hayo: ugonjwa ni kitu kimoja, hali ni kitu kingine, na haja ni kitu cha tatu. Orodha za wataalamu zilichukua zaidi ya miaka mia moja kufikia utengano huo.

I. Orodha ni kitu gani

Kabla ya kuuliza nani yumo katika Orodha, yafaa kwanza ijulikane Orodha yenyewe ni nini. Asili yake si kitabu cha tiba bali ni daftari la vifo. Katika mwaka wa 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha huko Chicago, mbele ya wataalamu wa takwimu, orodha ya sababu za vifo, ili nchi mbalimbali ziweze kuhesabu wafu wao kwa namna moja na kulinganisha hesabu zao. Orodha hiyo ilipitiwa upya mara kwa mara. Katika mwaka wa 1948 Shirika la Afya Duniani, ambalo lilikuwa ndiyo kwanza limeundwa, liliichukua kazi hiyo, na toleo la sita likaongeza magonjwa yasiyoua, pamoja na mlango wa maradhi ya akili.

Tangu hapo Orodha imekuwa daftari la mambo yote yampelekayo mtu kwa mganga, wala si daftari la magonjwa peke yake. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni mimba. Mimba na uzazi vina mlango wao kamili katika Orodha, na kila mja mzito aendaye kliniki huandikiwa namba itokayo katika mlango huo. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kusema kwamba mja mzito ni mgonjwa kwa sababu tu ya mimba yake. Ana hali, na hali hiyo yaweza kuwa na haja ya mganga. Asipoangaliwa yaweza kumletea ugonjwa, hata kifo. Lakini hali si ugonjwa. Kwa hiyo kuwamo katika Orodha hakumfanyi mtu kuwa mgonjwa, na asemaye kwamba lililo katika Orodha lote ni ugonjwa hajaifungua Orodha yenyewe.

II. Majina na miaka yake

Wataalamu wa Ulaya walianza kuandika juu ya jambo hili katika karne ya kumi na tisa, nao waliliandika kama sura moja ya wazimu. Katika mwaka wa 1886 Richard von Krafft-Ebing, mtaalamu wa maradhi ya akili huko Austria, alitoa kitabu chake *Psychopathia Sexualis*, ambamo watu wa namna nyingi waliokusanywa kutoka mahakamani na hospitalini walipangwa kama vielelezo vya upotovu. Mtu aliyejiona kuwa wa jinsia nyingine aliwekwa pembeni kabisa, mahali ambapo upotovu ulidhaniwa kugeuka kuwa wazimu kamili.

Aliyefuata njia nyingine alikuwa Mjerumani Magnus Hirschfeld. Katika mwaka wa 1910 alitoa kitabu juu ya watu wavaao mavazi ya jinsia nyingine, akabuni jina kutokana na maneno mawili ya Kilatini, moja maana yake kuvuka na la pili kuvaa. Jina hilo lilishika vazi, ambalo huonekana kwa macho, likaacha nafsi, ambayo haionekani. Walakini Hirschfeld alisisitiza kwamba hali hiyo si wazimu wala si ile ya wanaume wapendao wanaume. Ushuhuda wa waganga kama yeye uliwafanya polisi wa Berlin kutoa hati maalumu, ili mwenye hali hiyo asikamatwe njiani kwa sababu ya mavazi yake. Katika mwaka wa 1919 alifungua chuo chake cha utafiti katika mji huo. Tarehe 6 Mei, 1933, wafuasi wa Hitler walikivamia, na siku chache baadaye vitabu vyake vikachomwa moto hadharani. Kwa hiyo elimu iliyokuwa imeanza kupata lugha yake ilikatwa ulimi.

Baada ya vita kitovu cha elimu hii kilihamia Marekani. Mwaka wa 1952 ulikuwa na mambo mawili yaliyoambatana. Mwaka huo Chama cha Wataalamu wa Maradhi ya Akili cha Marekani kilitoa toleo la kwanza la mwongozo wake, ambamo kuvaa mavazi ya jinsia nyingine kulihesabiwa miongoni mwa upotovu wa jinsia, sambamba na makosa ya jinai yanayodhuru watoto. Na mwezi wa Desemba wa mwaka huo magazeti ya Marekani yalitangaza habari za Christine Jorgensen, aliyekuwa askari katika jeshi la nchi hiyo, ambaye alikwenda Copenhagen akapata tiba, akarudi akiishi kama mwanamke. Waganga wa Denmark hawakumtibu akili. Walimtibu mwili, akaishi maisha yake yote kama mwanamke hadi kufa kwake katika mwaka wa 1989.

Katika mwaka wa 1965 toleo la nane la Orodha ya Kimataifa lilikubaliwa, nalo likaweka kuvaa mavazi ya jinsia nyingine katika mlango wa akili. Mwaka uliofuata, 1966, daktari Harry Benjamin, mzaliwa wa Berlin aliyekuwa akikaa New York, alitoa kitabu kilichotenga kwa mara ya kwanza, kwa upana wa kutosha, suala la vazi na suala la nafsi. Akasema kwamba waliojaribu kuigeuza nafsi ifuate mwili walikuwa wameshindwa, na kwa hiyo ni busara kuusogeza mwili uelekee kwenye nafsi, kwa kadiri iwezekanavyo. Hata hivyo, Orodha ilipolipokea jina jipya, transeksualizimu, katika toleo la tisa la mwaka wa 1975, ililiacha pale pale katika mlango wa akili. Mwongozo wa Marekani ukafuata katika mwaka wa 1980.

Toleo la kumi la Orodha, lililokubaliwa katika mwaka wa 1990, lilikusanya hali hizo chini ya kichwa cha kasoro za utambulisho wa jinsia, na mwongozo wa Marekani ukatumia jina kama hilo katika mwaka wa 1994. Hapo neno upotovu liliondoka, lakini neno kasoro likakaa. Katika mwaka wa 2013 Wamarekani waliondoa neno kasoro, wakaweka dhiki ya jinsia, wakieleza kwamba kinachotibiwa ni dhiki ampatayo mtu, wala kutofuata desturi za jinsia peke yake si ugonjwa wa akili. Mwisho toleo la kumi na moja la Orodha ya Kimataifa, lililochapishwa Juni 2018 na kupitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwezi wa Mei 2019, likaleta jina la kutolingana kwa jinsia, na kuliweka nje ya mlango wa akili. Jina hilo halishurutishi dhiki, na maelezo yake yaonya kwamba mwenendo au mapendeleo yasiyofuata desturi hayatoshi kumfanya mtu aandikiwe jina hilo.

Upotovu, ugonjwa, kasoro, dhiki, kutolingana: hiyo ndiyo safari ya zaidi ya miaka mia moja. Yafaa izingatiwe kwamba maneno matatu ya kwanza yahukumu mtu mwenyewe. La nne lataja lile limpatalo. La tano lataja uhusiano tu baina ya vitu viwili, wala halisemi ni kipi kati yake kilicho na makosa.

III. Shahidi asiyesikilizwa

Kwa nini mlango wa akili uwe jambo la kupiganiwa? Maradhi ya akili si aibu kuliko homa ya malaria, na mtu ajitengaye nayo kwa kuyadharau awaonea wagonjwa wengine. Hoja hiyo ni ya haki, na baadhi ya wataalamu waliitoa. Lakini iko tofauti moja kubwa, nayo yaonekana wazi katika Kiswahili kuliko katika maneno ya kitaalamu.

Mwenye homa akisema kichwa chauma, huaminiwa. Mwendawazimu akisema, husemwa kwamba ni wazimu unaosema. Neno wazimu lenyewe limehusishwa na mizimu, yaani mwingine ndiye ashikaye ulimi wa mtu. Katika fikihi mwenye wazimu hafungi mkataba wala ushahidi wake haupokewi, na sheria zilizoletwa na Waingereza ziliweka kanuni zifananazo na hizo. Kwa hiyo kumwita mtu mgonjwa wa akili, katika masikio ya watu wengi, ni kumnyang'anya ushahidi wake.

Hapo ndipo penye mgongano katika historia hii. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo iwezayo kuonyesha kwamba nafsi ya mtu hailingani na mwili wake. Shahidi ni mmoja tu, naye ni mwenye nafsi. Mganga wa wakati wa Benjamin, na mganga wa leo pia, huandika jina la hali hiyo kwa kutegemea maneno ya mtu huyo, baada ya kuyapima kwa muda mrefu. Lakini jina likiwa la ugonjwa wa akili, maneno hayo hayo yaliyotegemewa hupoteza thamani yake mara tu jina liandikwapo. Mtu aliaminiwa vya kutosha kuitwa mgonjwa, kisha, kwa kuwa ni mgonjwa, haaminiki tena. Mashaka ya namna hii hayamo katika malaria, wala katika kisukari, wala katika mimba.

Watu wa Afrika ya Mashariki hawana haja ya kusafiri mbali ili kujua jinsi orodha ya maradhi ya akili iwezavyo kutumiwa kumnyamazisha mtu. Katika mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lenyewe lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, ambamo alidai kwamba Mwafrika hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwomba aeleze sababu za Mau Mau, naye akaandika kitabu kidogo kilichopigwa chapa na mpiga chapa wa serikali. Humo maelezo ya vita yalitafutwa zaidi katika akili ya Mkikuyu iliyovurugwa na mabadiliko. Watu waliosema kwamba walitaka ardhi yao iliyochukuliwa walijibiwa kwa elimu ya nafsi. Kabla ya hapo, katika mwaka wa 1851, daktari Samuel Cartwright wa Louisiana alikuwa amebuni ugonjwa wa akili wa watumwa, ambao dalili yake ilikuwa kutoroka. Viboko vilikuwamo katika tiba aliyoipendekeza.

Mifano hiyo haisemi kwamba hali ya watu wanaozungumziwa hapa ni sawa na utumwa au ukoloni. Yasema jambo dogo zaidi, lakini lililo imara: kwamba orodha hutungwa na watu wa wakati wao, na kwamba kosa lake la kawaida ni kuitia ndani ya kichwa cha mtu shida ambayo asili yake iko nje ya kichwa hicho.

IV. Faida ya kuandikwa

Lakini haingekuwa insafu kusema kwamba jina la ugonjwa lilileta madhara tu. Hati za polisi wa Berlin zilipatikana kwa maneno ya waganga. Huko Iran, ambako wanaume wapendao wanaume huadhibiwa vikali, tiba ya kubadili mwili iliruhusiwa na Ayatollah Khomeini katika miaka ya 1980, na mwombaji huipata kwa kuonekana kwamba ana hali ihitajiyo tiba. Katika nchi ambazo serikali au bima hulipia matibabu, hospitali haiwezi kulipwa bila namba ya Orodha. Namba ikifutwa, fedha nazo hufutika.

Kenya yatoa mfano ulio karibu. Mwezi wa Oktoba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani la Taifa limbadilishie Audrey Mbugua jina katika cheti chake cha shule ya sekondari, na kwamba alama ya jinsia isiwekwe katika cheti hicho. Miongoni mwa mambo yaliyowekwa mbele ya mahakama lilikuwamo hili, kwamba madaktari walimpima wakaona ana ile iliyoitwa wakati huo kasoro ya utambulisho wa jinsia. Jina ambalo katika mtaa lingekuwa tusi, mahakamani lilikuwa ushahidi. Mtu angekosea sana kudhani kwamba wote waliolibeba jina hilo walilichukia. Wengine walilibeba kama mtu abebavyo mwavuli uliotoboka, kwa sababu mvua inanyesha.

Ndiyo maana wale waliotaka hali hiyo ifutwe kabisa katika Orodha, na wale waliotaka ibaki ilivyokuwa, wote wawili walikosa kitu. Wa kwanza walisahau haja. Wa pili walisahau kwamba hali si ugonjwa. Nchi kadhaa zilikuwa zimeanza kutafuta njia ya kati kabla ya Orodha kubadilika. Ufaransa iliitoa hali hiyo katika kundi lake la maradhi ya akili ya muda mrefu mwezi wa Februari 2010, bila kuondoa malipo ya matibabu. Argentina, kwa sheria ya mwaka wa 2012, iliacha kumtaka mtu alete cheti cha mganga ili abadilishiwe hati zake. Denmark iliiondoa katika orodha yake ya maradhi ya akili kuanzia tarehe mosi Januari 2017. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo, katika hukumu ya Aprili 2017 dhidi ya Ufaransa, ilisema kwamba kumlazimisha mtu apoteze uwezo wa kuzaa ili abadilishiwe hati ni kuvunja haki zake, lakini haikuona kosa katika kumtaka alete uthibitisho wa mganga juu ya hali yake. Hukumu hiyo yaonyesha jinsi maswali yale matatu yalivyokuwa yangali yamechanganyika hata mbele ya majaji wakubwa.

V. Dhiki yatoka wapi

Waliotetea mlango wa akili walikuwa na hoja moja nzito. Walisema kwamba watu hawa hupatwa na huzuni, hofu, na fikira za kujiua kuliko wengine, na kwamba mateso hayo ni ya akili, hivyo hali iyaletayo ni ya akili. Hoja hii yahitaji kujibiwa kwa ushahidi, si kwa huruma tu.

Ushahidi mmoja ulipatikana Mexico. Wataalamu waliohusika na matayarisho ya toleo la kumi na moja waliwahoji watu 250 wenye hali hiyo katika mji mkuu wa nchi hiyo, wakachapisha matokeo yao katika mwaka wa 2016. Wengi wa waliohojiwa walikuwa wamepata dhiki kubwa katika ujana wao. Lakini wataalamu walipopima ni jambo gani liambatanalo zaidi na dhiki na kushindwa kwa maisha, waliona kwamba ni kukataliwa na jamaa na kufanyiwa ukatili, kuliko hali yenyewe. Ikiwa ugonjwa wa mtu hupungua pale jirani zake wabadilipo mwenendo wao, basi ni shida kusema kwamba makao ya ugonjwa huo ni kichwa chake.

Wala haifuati kwamba mtu huyu hawezi kuugua akili. Aweza, kama mtu yeyote mwingine. Huzuni ina jina lake na namba yake katika Orodha, na yastahili kutibiwa kwa jina hilo. Kosa la zamani lilikuwa kuiita hali kwa jina la majeraha yaipatayo, kama mtu amwitaye yatima mgonjwa kwa sababu yatima wengi hukonda.

Liko pia suala la watoto, ambalo halijaisha. Orodha mpya imewawekea watoto ambao hawajabaleghe jina lao la peke yake, na baadhi ya watetezi walilipinga, wakisema kwamba mtoto wa umri huo hahitaji dawa, hivyo jina halimpi kitu ila alama. Huko Uingereza ripoti ya daktari Hilary Cass, iliyotolewa mwezi wa Aprili 2024, ilisema kwamba ushahidi juu ya dawa wapewazo vijana wa namna hii ni dhaifu, ikashauri hadhari kubwa. Wengine waliichukua ripoti hiyo kuwa ni hoja ya kurudisha hali hii katika mlango wa akili. Lakini hilo ni kuchanganya tena mambo mawili. Dawa ipi yafaa, kwa nani, na katika umri upi, ni swali la tiba, nalo lajibiwa kwa majaribio na subira. Hali yenyewe ni ya namna gani ni swali la uainishaji. Waganga waweza kubishana juu ya njia ya kumzalisha mja mzito bila yeyote kusema kwamba mimba ni ugonjwa.

VI. Maneno ya pwani

Husemwa mara nyingi kwamba jambo lote hili ni geni katika nchi za Waswahili. Lugha yenyewe yashuhudia vinginevyo, ijapokuwa ushuhuda wake wataka kusomwa kwa uangalifu.

Pwani imepokea kutoka Kiarabu maneno mawili ya shina moja. La kwanza ni khuntha, au huntha, yaani mtu ambaye mwili wake wenyewe, tangu kuzaliwa, hauonyeshi wazi ni wa kiume au wa kike. Wanazuoni walimtungia sheria za urithi na za ibada, wala hawakumwita mwendawazimu. Kenya ilipohesabu watu wake katika mwaka wa 2019 iliwahesabu watu wa namna hiyo pia, wakaonekana 1,524. Huyo siye mtu anayezungumziwa katika makala haya, kwa maana hitilafu yake imo mwilini na yaonekana, na wale wawachanganyao wawadhulumu wote wawili.

La pili ni hanithi, ambalo wengine hulitamka hanisi. Kwa Kiswahili cha siku hizi maana yake ni mwanamume aliyekosa nguvu za kiume, na aghalabu ni neno la kutusi. Lakini shina lake la Kiarabu lilitumika pia kwa mwanamume mwenye sauti, mwendo na tabia za kike. Imamu Nawawi, ambaye *Minhaj* yake ni nguzo ya fikihi ya Kishafii katika pwani hii, aliandika katika sharhe yake ya Hadithi za Muslim kwamba watu hao ni namna mbili: aliyeumbwa hivyo, ambaye halaumiwi kwa kuwa hakujitakia, na ajifanyaye hivyo makusudi, ambaye ndiye alaumiwaye. Nawawi alikufa mwaka wa 1277. Hukumu yake haikuwa ruhusa ya kila jambo, wala haiwezi kufanywa kuwa hivyo. Lakini mgawanyo wake watosha kuonyesha kwamba mwanachuoni aweza kuitambua hali ya mtu bila kuiita dhambi wala kuiita wazimu. Kwake ilikuwa ni maumbile.

Elimu ya kisasa ilipoyafikia maneno hayo haikuyatendea haki daima. Katika mwaka wa 1977 Unni Wikan, msomi wa Norway, alichapisha makala juu ya wanaume waitwao khanith katika mji wa Sohar, Oman, akawaeleza kwa jina lile lile la hospitali, transeksualizimu, katika kichwa cha makala yake. Mwaka uliofuata Gill Shepherd, aliyekuwa amefanya utafiti Mombasa, alimpinga katika jarida lilo hilo. Katika mabishano hayo yako mafunzo kwa kila mtafsiri. Neno la baraza na neno la hospitali hayalingani kwa sababu tu yamtaja mtu mmoja. La kwanza lamweka mtu katika jamaa, kazi, na mahali pake arusini. La pili lamweka kitandani. Atafsiriye hanithi kwa jina la ugonjwa amezidisha, na atafsiriye jina la Orodha kwa hanithi ametukana.

VII. Kazi ya mtafsiri

Kutokana na hayo, hoja iliyo ya mwisho ni ya lugha, nayo si ndogo. Katika hospitali nyingi za Tanzania na Kenya mganga huandika daftari lake kwa Kiingereza, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo hufanywa kinywani, baina ya watu wawili, wala hakuna baraza la wasanifishaji likaalo chumbani humo. Orodha yaweza kubadilika Geneva, lakini ikiwa mganga, akimweleza mama wa kijana, atasema mwanao ana ugonjwa wa akili, basi kwa mama huyo na kwa kijana huyo hakuna kilichobadilika. Kurudi nyumbani kwao kutakuwa ni kurudi na neno hilo, na mjomba na shangazi watalisikia.

Kwa hiyo yapasa maneno yachaguliwe kwa makini. Neno kasoro lafaa kwa kitu kilichokusudiwa kuwa kamili kikapungua. Orodha yenyewe imeliacha, na hapana sababu ya Kiswahili kulishikilia. Neno dhiki ni zuri, lakini litumike pale tu dhiki ilipo, kwa maana wako wenye hali hii wasio na dhiki. Neno jinsia lina shida yake, kwa kuwa hubeba maana ya mwili na maana ya nafsi pamoja, na anayesikia kutolingana kwa jinsia aweza kudhani kwamba anayetajwa ni khuntha. Maneno marefu kidogo, kutolingana kwa nafsi na jinsia ya kuzaliwa, yaeleza waziwazi vitu viwili visivyolingana, wala hayasemi kwamba kimoja ni kibovu. Na kabla ya jina hilo litangulie neno hali, wala si ugonjwa, wala si maradhi. Asemaye ana hali ya kutolingana kwa nafsi na jinsia ya kuzaliwa hajamtoa mtu katika hospitali, wala hajamtia katika nyumba ya wendawazimu.

Jawabu la swali lililoulizwa mwanzoni, kwa kadiri historia hii ionyeshavyo, ni kwamba hali hii haikustahili mlango wa akili, kwa sababu mlango huo ulimnyima ushahidi mtu ambaye ndiye shahidi wa peke yake. Na kwamba kuacha jina lake katika Orodha kwafaa, maadamu hospitali na mahakama zingali zadai namba kabla ya kufungua milango yao. Siku ambayo milango hiyo itafunguka bila namba, suala hilo la pili litastahili kutazamwa upya. La kwanza limekwisha kujibiwa, na lililobaki ni kulisema kwa Kiswahili ambacho mama wa kijana atakielewa.